Oksidi ya Zinki ya Likasi: Kutoka Tanuri za Asidi hadi Vitambuzi vya Urujuanimno

Oksidi ya zinki ni unga mweupe unaopatikana zinki inapoungana na oksijeni. Wauguzi wanaujua katika dawa za kupaka vipele vya watoto, watengenezaji wa matairi wanauchanganya katika mpira ili uive sawasawa, na mafundi rangi wameutumia tangu karne ya 19 mahali pa rangi nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Wanafizikia wanaujua kwa sababu nyingine. Kwao oksidi ya zinki ni nusukipitishi: gizani hupitisha umeme kidogo, na ikipigwa na mionzi ya urujuanimno hupitisha mwingi zaidi. Kwa tabia hiyo imetumika kutengeneza vitambuzi vya mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni.

Likasi, katika mkoa wa Katanga ya Juu nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia katika historia ya kitu hiki kupitia tanuri, si maabara. Kwa miongo kadhaa mji huo ulipokea kwa reli makinikia ya zinki kutoka mgodi wa Kipushi, ukayachoma, na ukatoa oksidi ya zinki kwa mabehewa. Hata hivyo oksidi yenyewe siyo iliyowafanya wenye viwanda wajenge tanuri hizo. Walichokitaka ni salfa iliyoshikamana na zinki ndani ya jiwe, na zinki ilifika Likasi kama mtu aliyefuatana na mwalikwa.

Mji wenyewe uko kama kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, kwenye nyanda za juu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Shaba ilifuliwa katika nchi hiyo karne nyingi kabla ya reli. Wasanga na jirani zao waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani, kwa makaa ya miti katika tanuri za udongo, wakatoa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha mbali na Katanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Msiri, aliyetoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, alijenga dola yake ya Garenganze huko Bunkeya juu ya biashara ya shaba hiyo, pembe za ndovu na watumwa. Zinki haikuwamo katika biashara hiyo, na sababu yake moja ni ya kifizikia. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, ilhali zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Hata kama jiwe lilikuwa na zinki kidogo ndani yake, katika tanuri iliyowaka vya kutosha kuyeyusha shaba zinki ilitoka kama mvuke, ikakutana na hewa na kugeuka vumbi jeupe lililopotea na moshi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri za hapo zikatoa shaba ya kwanza ya kiwanda. Tanuri hizo zilifaa kwa madini tajiri tu. Sehemu kubwa ya shaba ya Katanga ilikuwa katika madini ya oksidi na kabonati yasiyo tajiri kiasi hicho, na kuyayeyusha kwa makaa yaliyoletwa kutoka mbali hakukuwa na faida. Ndipo Likasi ilipopata umuhimu wake. Huko Panda, pembeni mwa mji, ulijengwa mtambo wa kuchenjua madini katika miaka ya 1920, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa njia ya elektrolisisi: jiwe husagwa, unga wake hulowekwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, shaba huyeyuka, kisha mkondo wa umeme huitoa katika mmumunyo na kuigandisha juu ya mabamba. Umeme ulitoka katika maporomoko ya mto Lufira, ambako kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930. Mji ulipewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, ukabaki nalo hadi mwaka 1966.

Kwa hesabu ya karatasini, njia ya Shituru haimalizi asidi, kwa sababu umeme unapoitoa shaba katika mmumunyo asidi huzaliwa upya. Katika madini ya Katanga mambo hayaendi hivyo. Miamba inayoizunguka shaba ina dolomiti nyingi, na dolomiti hula asidi na kutoa povu la kaboni dioksidi bila kuleta faida yoyote. Kila siku kiwanda kilipoteza asidi iliyobidi irudishwe, na madini ya juu ya ardhi yaliyolisha Shituru hayakuwa na salfa ya kuitengenezea, kwa kuwa mvua na hewa za mamilioni ya miaka zilikuwa zimekwisha kuigeuza salfidi kuwa oksidi na kabonati. Kuleta asidi kwa treni kutoka bandari za Bahari ya Hindi au Atlantiki, safari ya zaidi ya kilomita 2,000, kungemaliza faida yote ya shaba.

Salfa ilipatikana Kipushi. Mgodi huo, ulioitwa Prince Léopold wakati wa Wabelgiji, uko kama kilomita 30 kusini-magharibi ya Lubumbashi, unagusana na mpaka wa Zambia. Ulianza katikati ya miaka ya 1920 kwa shimo la wazi, kisha ukafuata mshipa wake chini kwa chini. Shimo lake kuu la baadaye lina kina cha mita 1,240. Tofauti na migodi mingi ya Katanga, jiwe lake la vilindini ni la salfidi, na ndani yake shaba na zinki zimekaa pamoja. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1993 Kipushi ilitoa kama tani milioni 60 za mawe yenye wastani wa asilimia 11 ya zinki na karibu asilimia 7 ya shaba, yaani tani milioni 6.6 za zinki na milioni 4 za shaba. Migodi yenye utajiri wa namna hiyo ni michache popote duniani.

Mtambo wa Kipushi uliyatenganisha madini hayo kwa povu: unga wa jiwe hutiwa majini pamoja na kemikali zinazofanya chembe za aina moja zishikamane na mapovu na kuelea, na nyingine zizame. Yalitoka makinikia ya namna mbili. Ya shaba yalikwenda kwenye tanuri za Lubumbashi. Ya zinki yalipakiwa kwenye mabehewa yakaenda Likasi, kwa kampuni ya Sogechim, tawi la kemikali la Union Minière.

Kilichofanyika huko ni kuchoma makinikia hewani, kwenye joto la karibu nyuzi 900 hadi 950, bila kuyayeyusha. Salfidi ikishashika moto hujiendeleza yenyewe, kwani salfa inapoungua hutoa joto la kutosha kuendesha kazi. Oksijeni ya hewa huchukua nafasi ya salfa ndani ya chembe: zinki hubaki kama oksidi, na salfa huondoka kama gesi ya dioksidi ya salfa, ileile inayokwaruza koo karibu na kiwanda chochote cha namna hii. Gesi husafishwa vumbi, hupitishwa juu ya kichocheo, kwa kawaida oksidi ya vanadi, na kuongezewa oksijeni zaidi. Kisha hunyonywa ndani ya asidi kali. Haitiwi moja kwa moja katika maji, kwa sababu ikikutana na maji matupu hugeuka ukungu mzito usiokamatika.

Hesabu ya uzito inaeleza kwa nini kampuni ilijali kazi hiyo. Tani 1 ya salfidi safi ya zinki, ikichomwa yote, hutoa kama kilo 835 za oksidi ya zinki. Na salfa yake, ikigeuzwa yote kuwa asidi, hutoa zaidi kidogo ya tani 1 ya asidi ya salfuriki. Makinikia ya kweli hayakuwa safi hivyo, lakini uwiano ni huo: kwa kila behewa lililoingia lilipatikana karibu behewa zima la asidi, na tanuri zilikuwa mji mmoja na kiwanda cha Shituru kilichoihitaji. Mtu anayeandika historia ya Likasi kwa kufuata shaba peke yake huikosa nusu ya maelezo. Bila zinki ya Kipushi shaba ya Shituru ingekuwa ghali zaidi, na pengine isingekuwa na maana kuizalisha kwa wingi ule.

Kwa miaka mingi zinki yenyewe iliondoka Katanga bila kugeuzwa metali. Hali ilibadilika mwaka 1953, kampuni ya Métalkat ilipoanza kuendesha kiwanda cha zinki cha elektrolisisi huko Kolwezi, magharibi ya Likasi. Sababu ya kukiweka Kolwezi ni umeme. Tani moja ya zinki kwa njia hiyo hula zaidi ya saa-kilowati 3,000, na vituo vipya vya mto Lualaba, kikiwamo cha Nzilo, vilikuwa jirani. Tangu hapo jiwe moja lilizunguka karibu Katanga nzima: lilichimbwa Kipushi kwenye mpaka wa kusini, lilichomwa Likasi katikati, na oksidi yake ikapakiwa tena kwa reli kupitia Tenke hadi Kolwezi, ambako ilimumunyishwa katika asidi na kugandishwa kuwa mabamba ya zinki.

Oksidi iliyotoka katika tanuri za aina hiyo haikufanana na unga mweupe wa duka la dawa. Makinikia ya zinki huwa na chuma ndani yake, na kwenye joto la tanuri chuma huungana na sehemu ya oksidi ya zinki, kikaunda kiwanja kigumu kinachokataa kumumunyika katika asidi hafifu. Rangi huwa ya kahawia au ya njano chafu. Humo mna pia mabaki ya shaba, risasi, kadimi na metali nyingine zilizokaa pamoja na zinki tangu mwambani. Kwa mhandisi wa Kolwezi huo ulikuwa usumbufu wa kusafisha. Kwa mwanafizikia ungekuwa mwisho wa mazungumzo: atomu za shaba zikiingia ndani ya fuwele ya oksidi ya zinki hunasa elektroni, na jiwe la Kipushi lilikuwa la shaba na zinki kwa pamoja.

Tabia za kiumeme za oksidi ya zinki zilikuwa zimejulikana kabla hata ya tanuri za Likasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Greenleaf Whittier Pickard, mhandisi wa Marekani, alitafuta mawe yanayoweza kunasa mawimbi ya redio. Moja ya jozi zake bora, iliyoitwa Perikon, ilikuwa zinkiti, yaani oksidi ya zinki ya asili ya rangi nyekundu, iliyogusishwa na jiwe la salfidi ya shaba na chuma. Zinkiti hiyo ilitoka hasa New Jersey, ambako inapatikana kwa wingi usio wa kawaida. Katika miaka ya 1920 Oleg Losev wa Urusi aligundua kwamba fuwele za zinkiti zinaweza kukuza mawimbi, si kuyanasa tu, akaunda redio zisizotumia taa za ombwe. Kazi yake ilisahaulika kwa muda mrefu. Taa za ombwe zilikuwa za kutegemewa zaidi, na hakuna aliyejua kueleza kwa nini ncha ya waya ikiguswa hapa kwenye jiwe ilifanya kazi na ikiguswa pale haikufanya.

Nusukipitishi iliyoiunganisha Katanga na elektroniki moja kwa moja ilikuwa nyingine: gerimani. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista ya kwanza, iliyotengenezwa kwa kipande cha gerimani. Mwaka uliofuata J. F. Vaes, mtaalamu wa madini wa Union Minière, alieleza madini mapya kutoka Kipushi, akayaita renieriti kwa heshima ya mjiolojia Mbelgiji Armand Renier. Ndani yake mlikuwa na gerimani. Renieriti ina rangi ya shaba iliyochuja, na mtu asiye mzoefu angeweza kuichanganya na borniti, madini mengine ya shaba. Lakini huvutwa na sumaku, na hilo liliurahisishia mgodi kazi ya kuitenga. Katika miaka ya 1950 Kipushi ikawa moja ya vyanzo vikubwa vya gerimani duniani. Makinikia yalipelekwa Ubelgiji na kusafishwa huko na kampuni ya Hoboken katika kiwanda cha Olen, ambako urani ya Shinkolobwe ilikuwa imetangulia.

Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka Likasi, imeandikiwa vitabu kwa sababu ya bomu la Hiroshima, na ni haki yake. Gerimani ya Kipushi imeandikiwa kidogo mno, ingawa redio nyingi za mkononi za miaka ile, ambazo Waafrika wengi walizisikilizia habari za uhuru, zilikuwa na transista za gerimani. Usafi ndio uliokuwa kikwazo. Ili gerimani ifae transista ilibidi chembe ngeni zipungue hadi chini ya moja katika kila atomu bilioni kumi, na hilo liliwezekana baada ya William Pfann wa maabara za Bell kubuni njia ya kuyeyusha ukanda mwembamba wa metali na kuusogeza polepole toka ncha hadi ncha, uchafu ukisukumwa mbele yake. Katanga ilitoa jiwe. Usafi, na karibu bei yote, viliongezwa ng'ambo.

Oksidi ya zinki nayo ilikuwa ikichunguzwa wakati huohuo. Huko Erlangen, Ujerumani, Eberhard Mollwo na wenzake walipima namna fuwele zake zinavyobadilika zikipigwa na mwanga. Mwaka 1954 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza Electrofax, njia ya kunakili nyaraka kwa karatasi iliyopakwa oksidi ya zinki: karatasi huchajiwa umeme gizani, mwanga huifuta chaji pale unapopiga, na wino wa unga hushika palipobaki. Kwa kuwa oksidi tupu huitikia urujuanimno zaidi kuliko mwanga wa kawaida, watengenezaji waliipaka rangi maalumu ili iuone na mwanga wa taa. Karatasi hizo zilienea katika ofisi za dunia kabla ya mashine za karatasi za kawaida kuzishinda. Wenye kampuni walilazimika kuiponya oksidi upofu wake kwa mwanga wa kawaida, jambo ambalo wengine baadaye wangekuja kulitaka.

Katanga kwa wakati huo ilikuwa na mashaka mengine. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mkoa ulijitenga, na mwezi wa Septemba 1961 Jadotville ikawa uwanja wa mapigano kati ya jeshi la Katanga na kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kilichozingirwa hapo kwa siku kadhaa. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za serikali, na shirika lililozirithi likaja kuitwa Gécamines. Mzunguko wa Kipushi, Likasi na Kolwezi uliendelea chini ya wenye mali wapya, mitambo ileile na kwa sehemu kubwa wafanyakazi walewale. Uzalishaji wa shaba ulifikia kilele katikati ya miaka ya 1980, kisha ukaporomoka kwa kasi iliyowashangaza hata waliokuwa ndani. Fedha za mauzo hazikurudi kukarabati mitambo. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, huko Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Huko Likasi maelfu walipiga kambi kwenye kituo cha reli wakisubiri treni, na miongoni mwao walikuwamo mafundi na makarani waliozaliwa na kufanya kazi mjini hapo maisha yao yote. Mwaka huohuo wa 1993 Kipushi ilisimama, na pampu pekee zikaachwa zikifanya kazi ili mgodi usifurike. Makinikia ya zinki yaliyozoea kuja Likasi yakakoma.

Miaka michache baadaye oksidi ya zinki ikawa moja ya nusukipitishi zilizoandikiwa sana katika majarida ya fizikia. Tayari mwaka 1986 ilikuwa imechapishwa kazi juu ya vitambuzi vya urujuanimno vya utando mwembamba wa oksidi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Japani na Hong Kong walionyesha kwamba utando safi wake unaweza kutoa leza ya urujuanimno katika joto la chumba. Mwaka 2002 kundi la Peidong Yang huko Berkeley lilionyesha nyuzi za oksidi ya zinki, nyembamba kuliko unywele mara mamia, zikiongeza upitishaji wake wa umeme kwa mara elfu kumi hadi milioni zikimulikwa na urujuanimno.

Utendaji wake ni huu. Elektroni ndani ya fuwele zimefungwa katika viwango vya nishati, na ili ziwe huru kubeba umeme lazima ziruke pengo fulani. Katika oksidi ya zinki pengo hilo ni elektronivolti 3.37. Chembe ya mwanga yenye urefu wa wimbi unaozidi nanometa 368 hivi haina nguvu ya kuivusha elektroni, na kwa kuwa mwanga tunaouona unaanzia karibu nanometa 400, fuwele safi huuacha upite. Ndiyo maana kitambuzi cha oksidi ya zinki hakidanganywi na taa ya chumba. Silikoni, ambayo pengo lake ni elektronivolti 1.1 tu, huitikia kila mwanga, na ili ipime urujuanimno lazima iwekewe kichujio.

Kuna na jambo la pili, lenye kutatiza zaidi. Gizani molekuli za oksijeni za hewani hukaa juu ya uso wa oksidi na kunyang'anya elektroni zake, hivyo tabaka la juu hukaukiwa na umeme. Mionzi ya urujuanimno ikifika huzaa elektroni pamoja na matundu, yaani nafasi tupu zilizoachwa na elektroni. Matundu hukimbilia juu, huzirudishia molekuli za oksijeni hali yao ya kawaida, nazo huondoka. Elektroni zilizobaki ndani hazina wa kuungana naye, na umeme hupita kwa wingi kuliko mwanga ulioingia unavyoweza kueleza. Faida hii ina gharama yake. Taa ikizimwa, umeme haukatiki hadi oksijeni irudi na kutulia, na hilo linaweza kuchukua dakika au saa kadhaa. Kitambuzi chenye wepesi mkubwa wa kuhisi mara nyingi ndicho chenye uzito wa kusahau, na sehemu kubwa ya makala za miaka 20 iliyopita ni juhudi za kuachanisha tabia hizo mbili: kupaka uso wa nyuzi, kuchanganya magnesiamu ili kupanua pengo, au kuunganisha oksidi na nusukipitishi nyingine. Ugumu mwingine ni kwamba oksidi ya zinki huwa na ziada ya elektroni kwa asili yake, na kuitengenezea upande wenye ziada ya matundu ni kazi iliyowashinda wengi. Matokeo mazuri yaliyotangazwa hayakurudiwa kwa urahisi na wengine.

Matumizi ya vitambuzi vya urujuanimno ni pamoja na kulinda vichomeo vya tanuri na mitambo ya gesi. Moto wa kawaida hutoa kiasi cha mionzi yenye mawimbi mafupi kuliko nanometa 280, ambayo ya jua huzuiwa yote na tabaka la ozoni. Kifaa kinachoona mionzi hiyo peke yake kinaweza kutofautisha moto na mchana. Kwa kazi hii oksidi ya zinki tupu haitoshi, maana huona na mawimbi marefu zaidi, na hapo ndipo magnesiamu inapohitajika. Sokoni bado vinatawala vifaa vya silikoni kabidi, vya naitraidi za galiamu na mirija ya gesi. Kazi nyingine ni kupima jua lenyewe. Likasi iko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katika Februari, na mwinuko wa mji hupunguza hewa ya kuchuja mionzi; urujuanimno wa kupimwa huko ni mwingi.

Oksidi inayofaa kazi hizo haitoki moja kwa moja katika tanuri ya makinikia. Oksidi ya Likasi ilibidi imumunyishwe, isafishwe, igandishwe kuwa metali huko Kolwezi. Metali ingechemshwa na mvuke wake kuchomwa upya ili itoke oksidi nyeupe. Na kwa vitambuzi mara nyingi huanzwa na zinki iliyosafishwa hata zaidi ya hapo, au na mvuke wa kemikali zenye zinki. Chembe ileile ya zinki ingekuwa oksidi mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya asidi na mara ya pili kwa ajili ya mwanga. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya Katanga. Katika Afrika Mashariki hatua ya pili imeguswa na vyuo: idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tando nyembamba za oksidi ya zinki iliyotiwa alumini, zaidi kwa ajili ya umemejua na vioo vya madirisha.

Kipushi imerudi kazini. Kampuni ya Ivanhoe Mines ya Kanada iliingia mwaka 2011 kwa ubia na Gécamines, ikaendeleza sehemu iitwayo Big Zinc, iliyogunduliwa kabla ya mgodi kusimama na yenye karibu asilimia 35 ya zinki, na makinikia ya kwanza ya mtambo mpya yalitoka mwezi wa Juni 2024. Safari hii hayapiti Likasi. Huuzwa nje kama yalivyo na kuchomwa katika tanuri za nchi nyingine, yakiondoka na salfa yake, ilhali viwanda vya shaba na kobalti vya Katanga ya Juu na Lualaba huagiza salfa kwa malori ili kutengeneza asidi.

Gerimani nayo imepata bei upya tangu China ilipoanza kudhibiti mauzo yake ya nje mwezi wa Agosti 2023, kwani huhitajika katika lenzi za kamera zinazoona joto na katika nyaya za mwanga za mawasiliano. Mlima wa takataka za tanuri ulioko Lubumbashi, ambao sehemu yake ni mabaki ya makinikia ya Kipushi yaliyoyeyushwa hapo kwa miongo, umejengewa mtambo wa kuitoa, mali ya STL, kampuni tanzu ya Gécamines. Mwaka 2024 STL ilituma makinikia yake ya kwanza ya gerimani Ubelgiji. Mnunuzi ni Umicore, jina ambalo Union Minière imelitumia tangu mwaka 2001.